Jinsi ya kuufikisha ukoo wenu kwenye uamuzi wa kuacha ukeketaji: mwongozo kamili

Mmefanya mkutano kwenye uwanja wa shule. Wazee wameitikia, akina mama wamepiga vigelegele, ngariba amekabidhi kisu mbele ya viongozi na picha zimepigwa. Desemba imefika, na mabinti walewale wanatembezwa barabarani chini ya miavuli, wamevishwa khanga mpya, damu haijakauka.

Wanaoniandikia baada ya kila msimu wanaeleza jambo hilohilo: walimu, wauguzi wa zahanati, viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana waliorudi kijijini. Wote wamejituma, na wote wamerudi mahali walipoanzia.

Kosa ni moja. Tunamwendea mzazi mmojammoja, tunamtisha kwa sheria au tunamtia huruma kwa kumweleza madhara, kana kwamba uamuzi ni wake peke yake. Baba anayemwacha binti yake bila kukeketwa, katika kijiji ambacho wenzake wote wamekeketwa, anajua amemfungia mlango wa ndoa. Atakusikiliza, atakubali kila neno, kisha atafanya kama jirani yake. Watu huacha ukeketaji wanapoacha pamoja na wale wanaooana nao, na kila mmoja akamwona mwenzake ameacha. Hatua zote zilizo hapa chini zinajengwa juu ya hilo.

Nimeandika nikiwafikiria Wakurya wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako msimu hutangazwa na wazee na mara nyingi huangukia Desemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Aliyeko Manyara, Singida au ng'ambo ya mpaka kule Kuria, nchini Kenya, atabadilisha mahali panapohitaji kubadilishwa, na nitataja panapotofautiana sana.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

*Watu wanane hadi kumi na wawili wa hapohapo.* Kati yao awemo bibi mmoja anayeheshimika, wanaume wawili waliooa, vijana wawili ambao hawajaoa, mwanamke aliyekeketwa na yuko tayari kulisema, muuguzi au mkunga, na mtu wa kanisani au msikitini. Mgeni kutoka mjini asiwe msemaji. Akizungumza mgeni, kijiji husikiliza kwa adabu, na adabu si makubaliano.

*Daftari kubwa la mistari.* Mtalitumia zaidi ya kitu kingine chochote.

*Nakala ya kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu*, kilichoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Kichapeni kwa herufi kubwa.

*Kielelezo cha maungo ya mwanamke*, cha mbao, kitambaa au udongo. Agnes Pareyio, aliyeanzisha kituo cha kuokoa wasichana cha Tasaru kule Narok, alianza kwa kutembea kijiji hadi kijiji na kielelezo cha mbao. Picha za vidonda msizitumie. Watu hufumba macho, na mwanamke aliyekeketwa anajiona ametiwa aibu mbele za watu.

*Namba za simu zilizojaribiwa.* Namba 116 ya msaada kwa watoto, dawati la jinsia na watoto la polisi wilayani, afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kata. Zipigeni leo mjue nani anapokea.

*Miezi kumi na minane.* Ukianza Oktoba kwa ajili ya Desemba, umechelewa. Muda mzuri wa kuanza ni miezi michache baada ya msimu kwisha, ngoma zimenyamaza na watu wana nafasi ya kufikiri.

*Fedha kidogo ya chakula na nauli.* Posho ya kukaa kikaoni msitoe kabisa. Mzee aliyelipwa kukubali atalipwa na mwingine kukataa.

Hatua ya 1: Sikilizeni kwa miezi miwili bila kufundisha

Gawaneni, kila mmoja aende kwa watu anaowazoea: kisimani, mashineni, kilabuni, shambani wakati wa palizi. Ulizeni maswali mawili tu: "Asipokeketwa binti, itakuwaje?" na "Nani atasema nini?" Andikeni majibu jinsi yalivyotamkwa, msiyapambe.

Kwa nini hivi? Sababu mnayoidhania siyo wanayoisema. Mtasikia kwamba binti ataitwa msagane, yaani asiyekeketwa, mpaka uzeeni. Mtasikia kwamba hatakuwa na rika la kukaa nalo. Mtasikia habari ya ng'ombe: aliyekeketwa analeta wengi, asiyekeketwa wachache, na kaka yake anasubiri ng'ombe haohao aoe. Mtasikia habari ya laana ya mababu. Kwingine, hasa Dodoma na Singida, mtasikia lawalawa, yaani maambukizi ya ukeni ambayo watu waliaminishwa kwamba dawa yake ni kumkata mtoto.

Kila sababu ina mwenyewe. Laana ni ya wazee. Ng'ombe ni wa baba na kaka. Msagane ni neno la mabinti wenyewe, wanalitupiana shuleni. Bila kujua nani anashikilia nini, mtampelekea bibi hoja ya baba, na mtashangaa haimwingii.

*Angalizo.* Katika miezi hii neno "ukatili" lisitoke mdomoni mwenu. Ni neno la kweli, na mahali pake patafika. Lakini mama aliyempeleka binti yake kwa ngariba alikuwa anamtafutia maisha, kama yeye mwenyewe alivyotafutiwa. Ukianza kwa kumwita mkatili, umemlazimisha aitetee siku ile maisha yake yote.

*Mtajua mmefanikiwa* daftari likiwa na sababu zisizopungua sita kwa maneno ya watu wenyewe, na mbele ya kila sababu mmeandika anayeogopwa ni nani.

Hatua ya 2: Chora ramani ya ndoa

Hatua hii ndiyo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayoamua mengine yote. Someni taratibu.

Tarehe 31 Julai 1997, wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara nchini Senegali walitangaza hadharani kwamba wameacha ukeketaji. Walikuwa wamesoma darasa la shirika la Tostan, wamejadiliana mpaka wakaridhika. Badala ya kupongezwa na jirani zao, walilaumiwa vikali.

Imamu mmoja mzee wa kijiji cha jirani, Demba Diawara wa Keur Simbara, alieleza tatizo kwa lugha ya mtu anayewajua watu wake: kijiji kimoja hakiwezi kuacha, kwa sababu jamaa zetu wako vijiji vingine na huko ndiko tunakooana. Akafunga safari kwa miguu, kijiji kwa kijiji, kuzungumza na ndugu. Februari 1998 vijiji 13 vilikutana Diabougou na kutangaza kwa pamoja. Kutoka hapo tamko likaenea kwa maelfu ya vijiji vya Senegali na nchi jirani.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza na yeyote juu ya kuacha, jueni mnaoana na nani.

Fungueni ukurasa mpya wa daftari. Andikeni kila harusi ya kijiji chenu mnayoikumbuka kwa miaka kumi iliyopita. Safu moja mabinti walioondoka, wamekwenda wapi. Safu ya pili wake waliokuja, wametoka wapi. Bibi zenu watawashangaza: wanakumbuka mpaka rangi ya ng'ombe waliotolewa.

Kisha hesabuni. Tuseme mmeandika mabinti arobaini walioolewa. Mkikuta ishirini na saba wamekwenda vijiji vitatu tu, basi kazi yenu ni ya vijiji vinne, chenu na hivyo vitatu. Kijiji kilicho karibu kabisa ila hamwoani nacho kinaweza kusubiri. Kijiji cha mbali mnachooana nacho hakisubiri. Na msishangae ramani ikivuka mpaka wa Kenya pale Sirari, kwa kuwa koo za Wakurya hazikuulizwa mpaka ulipochorwa.

Baada ya hapo, tafuteni mtu mmoja kwenye kila kijiji cha ramani ambaye ni ndugu wa mmoja wenu: shangazi aliyeolewa huko, mjomba, shemeji. Mwendeeni kama ndugu, na msitangulize barua yenye mhuri. Mwambieni mnachokusudia na mwombeni naye aanze kusikiliza kwake, kama mlivyofanya hatua ya kwanza.

*Angalizo.* Mipaka ya kata na tarafa isiwadanganye. Miradi mingi hupangwa kwa kata kwa sababu fedha hupangwa hivyo. Ndoa hazijui kata.

*Mtajua mmefanikiwa* mkiwa na orodha fupi ya vijiji vinavyobeba zaidi ya nusu ya ndoa zenu, na ndugu mmoja kwenye kila kijiji amekubali kuwa mlango wenu.

Hatua ya 3: Fundisheni mwili, kwa makundi yaliyotengana

Wanawake watu wazima peke yao, mabinti peke yao, wanaume peke yao. Muuguzi aongoze, akiwa na kile kielelezo. Lugha iwe ya heshima lakini isizungukezunguke.

Wanawake wengi hawajawahi kuunganisha walichopitia na kile kisu. Damu iliyomwagika wakati wa kujifungua, maumivu ya kila tendo la ndoa, kovu lililochanika mtoto akitoka: yote walielezwa kuwa ni ada ya mwanamke, au ni mkono wa mtu. Muuguzi aseme kilichopimwa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2006, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, ulionyesha kwamba waliokeketwa hupata zaidi kuvuja damu baada ya kuzaa, upasuaji wa kujifungua na vifo vya watoto wachanga, na hatari inaongezeka kadiri ukataji ulivyo mkubwa. Kisha anyamaze. Chumbani kutakuwa na mwanamke atakayeanza kuhesabu watoto wake.

Mahali penye lawalawa, somo liwe fupi na la vitendo: hayo ni maambukizi, yana dawa zahanati, mtoto aoshwe kwa maji safi na apelekwe. Mama mmoja akiona mtoto wake amepona kwa dawa, hoja hiyo imekufa kwenye nyumba yake.

Kwa upande wa dini, mtu wa dini aseme mwenyewe, asisemewe. Kurani haina aya inayoamuru jambo hili, na tohara inayotajwa kwenye Biblia ni ya wanaume.

*Angalizo kubwa.* Msiishie kwenye afya. Ukimwambia mtu kisu kinaleta pepopunda na Ukimwi, atatafuta wembe mpya. Ukimwambia damu itamwagika, atamtafuta muuguzi afanye usiku kwa ganzi. Kule Kisii nchini Kenya ndivyo mambo yalivyokwenda, kazi ikahamia mikononi mwa watu wa hospitali. Kwa hiyo kila somo la afya lifungwe kwa swali ambalo wembe safi haulijibu: kiungo chenye uzima kilimkosea nini binti, hata kitolewe?

*Mtajua mmefanikiwa* wanawake wakianza kusimuliana wao kwa wao bila kuulizwa. Mwalimu akae kando hapo.

Hatua ya 4: Wanaume, na habari ya ng'ombe

Ukiwauliza wazee kwa nini mabinti wakeketwe, watasema vijana hawataoa asiyekeketwa. Ukiwauliza vijana, wengi watasema kwao si neno, ila mama hatakubali. Ukimwuliza mama, atasema anaogopa wanaume watamwonaje. Kila mmoja anamngoja mwenzake.

Kazi yenu ni kuuvunja mduara huo kwa kuwafanya wasikiane. Anzeni na vijana ambao hawajaoa. Waketi peke yao, waulizwe: nani kati yenu yuko tayari kuoa binti asiyekeketwa, na kulisema hilo mbele ya baba yake? Wakipatikana watano, andikeni majina. Kisha wale watano wawavute wengine. Wachina walipokuwa wanaacha kuwafunga mabinti miguu ili isikue, zaidi ya karne moja iliyopita, vyama vyao vilikuwa na ahadi ya pande mbili: sitamfunga binti yangu, wala sitamruhusu mwanangu kuoa aliyefungwa. Ahadi ya upande mmoja isingetosha, kwani hakuna mzazi atakayejitosa bila kuona mkwe upande wa pili.

Halafu ng'ombe. Msikwepe. Wakusanyeni akina baba wa vijiji vyote vya ramani na wekeni hoja mezani: mahari ya binti asiyekeketwa isipungue. Hili haliamuliwi na baba mmoja. Linaamuliwa na wanaopokea na wanaotoa, nao ni watu hawahawa: leo unatoa kwa ajili ya mwanao, kesho unapokea kwa ajili ya binti yako. Baba mwenye mabinti wanne atakuwa wa kwanza kuunga mkono, mpeni nafasi ya kusema.

Tajeni na shule. Binti aliyekeketwa huhesabiwa amekuwa mwanamke, posa zinaanza, na darasa analiacha. Baba anayeota binti mwalimu au muuguzi ameliona hili kwa jirani yake.

*Angalizo.* Kijana akiahidi kwa siri, hajaahidi. Thamani ya ahadi yake ni kusikiwa na wazazi wa mabinti.

*Mtajua mmefanikiwa* baba wa kwanza akisema mbele ya wenzake, "Mimi nitapokea mkwe asiyekeketwa, na ng'ombe nitatoa kamili."

Hatua ya 5: Wazee wa mila, halafu ngariba

Msimu haufunguliwi na ngariba. Kwa Wakurya hufunguliwa na inchama, baraza la wazee linalotazama dalili na kutangaza. Ukimshughulikia ngariba ukawaacha wazee, watamwita mwingine kutoka ng'ambo.

Nendeni wachache, pamoja na mzee wenu, na mwende kuuliza. Swali lililofungua milango mingi ni hili: mila hii ililinda nini? Watasema heshima, ukoo, utu uzima, uaminifu. Andikeni. Kisha ulizeni kipi kati ya hivyo kinakaa ndani ya kile kipande cha nyama. Waachieni muda. Baraza halijibu siku hiyo.

Wazee wa Kisabiny wa Kapchorwa, Uganda, walipitia njia hii. Walikaa wakachambua mila zao, wakakubaliana kuzilinda zilizo njema na kuacha kisu, na mwaka 1998 chama chao kikatunukiwa Tuzo ya Umoja wa Mataifa ya Idadi ya Watu. Elezeni habari hii kwa wazee. Mzee hapendi kuambiwa na mtoto, ila hupenda kusikia mzee mwenziwe alivyoamua.

Waelezeni pia kwamba dunia ya jirani imekwishasogea. Mwaka 1996, takwimu za taifa zilionyesha wanawake 18 kati ya kila 100 nchini Tanzania wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 8. Kenya ilitoka 38 mwaka 1998 ikafika 15 mwaka 2022. Mzee anayedhani kila ukoo unaendelea hajui kwamba ukoo wake unabaki peke yake.

Na ngariba? Mheshimuni. Ni mama wa watu, mara nyingi mkunga pia, na cheo chake amekirithi. Kumnunulia mbuzi ili aache ni kununua msimu mmoja. Kinachomshika ni cheo kingine mbele ya watu walewale: awe mshauri wa mabinti, au yule anayemsindikiza mjamzito zahanati. Na asikabidhi kisu kwenye sherehe ya kamera kabla wateja wake hawajaacha. Wakija usiku na fedha mkononi, ataazima kingine.

*Mtajua mmefanikiwa* baraza likisema msimu huu hawatafungua kwa mabinti, na likatuma mjumbe kwa wazee wa vijiji vingine vya ramani kuwaarifu. Kukaa kimya kwa wazee msikuhesabu kuwa kukubali.

Hatua ya 6: Tengenezeni sherehe isiyo na kisu

Binti anatamani siku ile: nguo mpya, zawadi, nyimbo, kuitwa mtu mzima. Ukimnyima yote, atakimbilia kisu mwenyewe, na wapo waliokimbilia. Tharaka, nchini Kenya, walianza mwaka 1996 sherehe waliyoiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara ya maneno: wiki ya mafunzo faraghani, kisha siku ya furaha mbele ya kijiji chote. Shirika la afya la Amref lilifanya kazi ya namna hiyo na Wamasai wa Loitokitok, nchini humohumo, moran (vijana wa rika la mashujaa) na wazee wakiwamo.

Panga siku tano hadi saba. Bibi wafundishe heshima, ukoo, nyimbo. Muuguzi afundishe hedhi, uzazi na magonjwa. Polisi wa dawati aeleze sheria. Siku ya mwisho wazazi waje na zawadi, na wazee wawabariki kwa maneno na vitendo vyao vya siku zote.

*Angalizo.* Sherehe bila hatua ya 2 hadi ya 5 ni kambi ya likizo. Binti atapewa cheti Desemba na kukeketwa Januari. Na mahali ambapo watoto wachanga ndio wanaokeketwa kwa siri, kama sehemu za Singida na Dodoma, sherehe haina maana, kwa sababu hakuna rika linalosubiri. Huko nguvu zote ziende kliniki ya watoto, kwa bibi anayemwogesha mzazi, na kwa mkunga anayemwona mtoto wiki zake za kwanza.

Hatua ya 7: Tamko la hadhara

Lifanyike kati ya Agosti na Oktoba, mavuno yamekwisha na msimu haujatangazwa. Mahali pawe pale penye uzito kwa wenyeji, panapofanyika ritongo, yaani mkutano wa hadhara wa kimila, au mnada. Uwanja wa halmashauri hauna uzito huo.

Wasimame kwa mpangilio huu: mzee wa mila wa kila kijiji, baba mmoja wa mabinti, baba mmoja wa vijana, bibi, kijana asiyeoa, ngariba, kisha binti. Kila mmoja aseme atakachofanya yeye. "Tunapinga ukeketaji" ni maneno mepesi. "Binti yangu hatakeketwa, na mke wa mwanangu hataulizwa" ni maneno yanayomfunga aliyeyasema, na majirani wameyasikia.

Sababu ya kufanya hadharani ni kwamba kuanzia hapo kila mzazi anajua kwamba wengine wanajua. Hofu ya kuwa peke yake inaondoka siku hiyohiyo.

*Maangalizo mawili.* Kwanza, viongozi wa serikali waalikwe, lakini wakae mbele kama mashahidi. Tamko likisomwa na kiongozi, kijiji kitasema ni la serikali. Pili, msiharakishe. Kama vijiji viwili kati ya vinne havijaafiki, ahirisheni. Tamko lililovunjwa Desemba huwafundisha watu kwamba matamko ni mchezo, na mtahitaji miaka kuliponya hilo.

*Mtajua mmefanikiwa* watu wakibaki uwanjani baada ya chakula wakiulizana habari za posa.

Hatua ya 8: Msimu wenyewe, sheria na usalama

Hata pakikubaliwa, zitabaki nyumba chache. Hapa ndipo sheria inapofaa, baada ya makubaliano, ikiwalinda walioacha dhidi ya wasioacha.

Tanzania, anayemkeketa au kumsababishia ukeketaji msichana wa chini ya miaka 18 anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, pamoja na kumlipa fidia aliyeumizwa. Kenya, sheria ya mwaka 2011 inawalinda wanawake wa umri wote, inaadhibu kumvusha mtu mpaka ili akakeketwe, na hata kumtukana mwanamke kwa sababu hakukeketwa ni kosa.

Mnaona pengo: Tanzania binti wa miaka 19 anayelazimishwa na ukweni hatajwi na kifungo hiki. Kwake tegemeeni ahadi ya mume na tamko la ukoo, na mkumbushe polisi kwamba kumkata mtu kwa nguvu ni kumjeruhi, kwa umri wowote.

Kuanzia mwisho wa Novemba wekeni zamu. Walimu waandike mabinti wanaotoweka ghafla shule zinapofungwa, hasa wanaopelekwa "kwa bibi". Bodaboda wawili wanaoaminika wawe na namba zenu. Binti akiwa hatarini, piga 116 na dawati la jinsia. Katika Mara kuna mahali pa kumkimbizia: kituo cha Masanga, Tarime, na nyumba salama ya Hope for Girls and Women iliyoanzishwa na Rhobi Samwelly huko Mugumu, Serengeti.

*Angalizo.* Msimfiche binti nyumbani kwenu. Mtashtakiwa kwa kumteka, na mtampoteza yeye na imani ya kijiji. Apokelewe kwa njia ya ustawi wa jamii, na mazungumzo na wazazi wake yaanze wiki hiyohiyo, kwa sababu karibu kila binti anataka hatimaye kurudi kwao. Kurudi kuwe kwa maandishi, mbele ya polisi na mzee wa ukoo.

Aliyekeketwa tayari apelekwe hospitali mara moja, bila kukaripiwa. Mabinti wamekufa kwa damu huku wakubwa wakibishana nani ashitakiwe.

Hatua ya 9: Baada ya Desemba

Watu wengi hufunga daftari hapa. Fungueni ukurasa mpya.

Januari, walimu wahesabu waliorudi darasani. Kliniki ihesabu inachokiona, kwa siri ya mgonjwa, idadi tu. Pelekeni idadi hiyo kwenye baraza, hata ikiwa ya kuhuzunisha. Waliovunja ahadi waitwe na wazee wao, wasiitwe na nyinyi.

Kisha mtazameni bibi harusi wa kwanza asiyekeketwa. Yeye ndiye mtihani. Mama mkwe anaweza kumnunia, mawifi wanaweza kumwimba, na wengine hushinikizwa wakeketwe hadi siku ya kujifungua, wakiwa wamelala hawana nguvu ya kukataa. Mpeni mama wa karibu wa kumtembelea kila mwezi. Mkunga wa zahanati ajue jina lake, na yule kijana wa orodha ya hatua ya 4 akumbushwe alichosema. Akizaa salama, wanawake wa kundi lenu waende na uji kumwona, kama anavyoendewa mzazi yeyote, wakae kwa mama mkwe mpaka jioni.

Jina lake liandikwe kwenye ramani ya ndoa, ametoka wapi na amekwenda wapi, na ng'ombe wangapi walitolewa. Msimu ujao, baba atakayeuliza binti asiyekeketwa ataolewa na nani, mfungulieni ukurasa huo.